Babu Mavuso Aenda Kutazama Korongo

Zibuyile alikuwa akikwangua jalidi kwenye kioo cha gari lake, mbele ya nyumba ya wageni pale mjini Wakkerstroom, wakati mzee aliyevaa koti la mazishi alipotokea barabarani na kusimama kando yake. Mkononi alishika tawi la mkunazi lenye miiba. Bwana na Bibi Naidoo, waliotoka Durban kuja kumwona korongo mwenye vishungi vya kidevuni, walikuwa wameshaketi nyuma na chupa yao ya chai. Pumzi zao zilitia ukungu vioo vyote. Mdomoni mwa mzee hamkutoka mvuke wowote.

"Babu Mavuso," alisema Zibuyile. "Si tulikuzika Aprili?"

"Mlinizika vizuri tu, mjukuu wangu. Ila mlinizika mjini."

Ni kweli. Mkewe, MaShabangu, amelala shambani kwa Lourens, nyuma ya zizi la mawe, na Aprili ile Lourens alikataza jeneza lisipite langoni. Makaburi ya pale yalikuwa yamefungwa, alisema. Watazamaji wa ndege walipita lango hilo kila wiki.

"Wanao hawakuja kukuchukua?" Kwa kawaida ni mtoto wa mtu ndiye hubeba tawi, akamwongoza marehemu mpaka kwake, akimtajia kila wanapopita asije akapotea.

"Wako Johannesburg, kazi nyingi. Nikasema nitangoja mpaka lini? Nimelikata mwenyewe." Alimkabidhi tawi. "Nipe kiti. Leo na mimi natazama ndege. Ila uniahidi, nikishafika kwake usinirudishe."

"Sitakurudisha, Babu."

Bibi Naidoo alisogea, akamfunga mzee skafu yake shingoni. "Jamani, mikono baridi hivi! Darubini utaishikaje?"

"Nitaiegemeza puani, mama."

Zibuyile aliendesha gari, tawi likiwa mapajani. "Babu, tunavuka mto. Babu, ile ni shule." Bwana Naidoo alidhani anaelezwa yeye, akawa anaitikia kila mara. Mwishowe mzee alimgeukia.

"Nawe umekufa, mwanangu?"

"Bado, mzee. Daktari kasema nipunguze chumvi."

Lourens aliwapokea langoni, amevaa kaptura kama kawaida yake hata kwenye baridi ile. "Mfanafuthi!" alimwita Babu Mavuso kwa jina lake. "Si ulikufa wewe?"

"Nilikufa, bwana. Nimekuja kutazama ndege."

"Ah, kama ni ndege, sawa." Alimgeukia Zibuyile. "Unajua utaratibu. Mwongozaji anayeingiza watu ndiye anayewatoa, na jua lisiwakute ndani." Kisha sauti yake ikalainika, maana aliwapenda wale ndege kwa dhati. "Wako kinamasini, mume na mke. Nimekataza hata ng'ombe wasikanyage pale. Hawa ukiwatenganisha, anayebaki hula kidogo, halafu haji tena kula."

"Najua," alisema Babu Mavuso.

Walijibanza kwenye matete asubuhi nzima. Waliona bata, waliona kwarara, chai ikaisha. Mchana ulipogeuka, mzee alirudisha darubini, akamshukuru Bibi Naidoo, akapanda taratibu kuelekea zizini. Zibuyile alimfuata na tawi.

"Umechelewa," sauti ya MaShabangu ilisema kutoka ardhini.

"Lango, mke wangu."

"Umeniletea ugoro?"

"Ningethubutu kuja bila huo?"

Zibuyile alilaza tawi juu ya mawe ya kaburi. Alipoinua macho, Babu Mavuso hakuwepo, na mawe yalikuwa na vuguvugu kama jiko lililozimwa punde. Kule chini korongo wawili walishuka kinamasini, vishungi vyao vyeupe vikitikisika. Bwana Naidoo aliivua kofia yake. Mkewe alilia kimya, kwa kuwa kelele huwatisha ndege.

Jua lilipoinama walirudi langoni. Lourens alichungulia ndani ya gari.

"Mfanafuthi yuko wapi?"

"Kwa mkewe."

"Kamlete basi. Giza linaingia."

"Nimemwahidi sitamrudisha."

Lourens aliegemea dirisha la gari. Hakuwa na hasira. "Zibuyile, usipomtoa, hutaingiza mgeni hapa tena. Leo nikimruhusu mmoja, kesho wataniletea majeneza yote ya mjini."

Eneo lote lile halikuwa na korongo wengine wa aina hiyo, na wageni wa Zibuyile wa baridi nzima walikuwa wakija kwa ajili ya hao tu. Bibi Naidoo alimshika bega.

"Nimekusikia, bwana Lourens," alisema Zibuyile, akawasha gari.

Walipokwisha kutoka bila mzee, alisimama, akashuka, kwa kuwa huko anayepita wa mwisho ndiye hufunga lango. Alilinyanyua kidogo lisikwaruze chini, akalisukuma taratibu, akatia mnyororo.