Saa ya Nyumba Kubwa

Saa aliileta Suhail kutoka Maskati, na mamake, Bi Kazija, alihakikisha hapana mtu Jadida asiyejua. Haikuwa saa ya kutazamia wakati tu. Mumewe, Mzee Khatib, akiivaa mkono wa kushoto, akaigusa ubavuni kwa kidole cha mkono wa kulia na kutulia kidogo, ilisoma umeme wa moyo wake, na mchoro ukatokea kwenye simu ya Bi Kazija, milima na mabonde. Daktari ndiye aliyeitaka. Khatib alikuwa akilalamika kuwa moyo unamruka na kumwacha hoi, lakini kila akifika hospitali unakuta umeshatulia, kama mtoto mtundu aliyeona fimbo.

"Nataka mchoro wa wakati ule ule unapomshika," alisema Dk. Nadhira. "Nikiuona nitajua dawa ya kumpa. Ukiachwa hivi hivi, damu huganda moyoni ikapanda kichwani."

Sasa, Khatib alikuwa na nyumba mbili. Siku mbili alilala Jadida kwa Bi Kazija, siku mbili Ole kwa Duni, mke mdogo, karibu na mikarafuu yake. Kilichoingia nyumba moja kilibaki nyumba ile, iwe godoro, iwe kandambili. Huo ndio uadilifu, na Bi Kazija aliushika kuliko kadhi. Kwa hiyo kila Khatib alipotaka kwenda Ole, alimzuia mlangoni, akamvua saa, akaitia kabatini.

"Ino ya nyumba ino," alisema.

Khatib alinyoosha mkono avuliwe. Tangu aoe mke wa pili alikuwa mgeni katika nyumba zote mbili, na mgeni haanzishi ugomvi.

Na moyo, kwa ukorofi wake, ulimruka Ole. Pengine ni kile kilima cha kupanda kwenda shambani, Mungu ndiye ajuaye. Bi Kazija alikuwa na jibu lake: hayo maradhi ni hila za Duni za kumzuia mume asirudi kwa zamu.

Siku moja Duni mwenyewe alikuja Jadida. Hakukaa hata alipokaribishwa.

"Bi Kazija, nakuomba uniazime ile saa siku zangu. Moyo wamruka mpaka nikiweka mkono kifuani nnausikia. Mwenyewe kataki kusema, aficha."

"Saa kaileta mwanangu kwa babake na mamake," alijibu Bi Kazija. "Weye ukiitaka yako, zaa, umpeleke Maskati."

Duni hakujaaliwa mtoto, na Bi Kazija alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Duni alijifunika buibui lake vizuri, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Siku ya kurudi hospitali, Dk. Nadhira aliitazama michoro yote kwenye simu, mmoja mmoja.

"Anaivaa kila siku?"

"Kila siku," alisema Bi Kazija.

Khatib alikuwa akitazama viatu vyake.

"Basi alhamdulillahi, hapa sioni kitu. Siwezi kumpa dawa kwa ugonjwa nisiouona. Tuendelee kupima."

Bi Kazija alirudi nyumbani kifua mbele. Ukweli usemwe, kilichomfurahisha si uzima wa mume, ni kwamba Duni kaonekana mwongo.

Haukupita mwezi, Khatib akinywa chai kwa Duni, kikombe kilimtoka mkononi. Mdomo ulikwenda upande, na mkono na mguu wa kulia vikawa si vyake tena. Kiharusi. Walimkimbiza hospitali, na huko moyo ulikuwa umetulia, kama kawaida yake. Alipotolewa, alirudishwa Ole. Dk. Nadhira akakataza asihangaishwe barabarani, na akasema ule mchoro bado anautaka.

Ikabidi Bi Kazija aifuate zamu yake kwa mke mwenziwe. Alifika na mkoba wa nguo za kulalia, na saa ndani yake. Alimvisha Khatib mkono wa kushoto. Ule wa kulia haukuinuka, basi akaushika yeye kwa kitambaa, umeme wa mwili wake usichanganyike na wa Khatib, kama daktari alivyomwelekeza, akakilaza kidole pale ubavuni mwa saa. Kilikuwa kizito na baridi. Wote watatu walitulia.

Simu ikaonyesha. Ile milima aliyoizoea Bi Kazija haikuwapo. Hii ilisongamana, ikaachana, ikasongamana tena bila mpango. Chini yake iliandikwa kuwa mapigo hayaendi sawa, aonwe daktari.

"Ndo huo," alisema Duni taratibu. "Ndo nnokwambia."

Bi Kazija alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Duni aliinuka tu, akaenda kuutazama uji jikoni.

Mkono wa Bi Kazija, kwa mazoea, ulikwenda kwenye ukanda wa saa. Khatib aliufuata kwa macho. Kisha, polepole, kama alivyozoea, akajitahidi kuunyoosha mkono wake mzima mbele yake, avuliwe.

"Zamu..." alisema kwa ule mdomo uliopinda. "Zamu ya nani leo?"

Ilikuwa ya Bi Kazija. Mkoba wa nguo ulikuwa pale miguuni pake.

"Ya Duni," alisema Bi Kazija. Akaukaza ukanda tundu moja zaidi, maana mkono ulikuwa umekonda, akauchukua mkoba wake, akatoka.