Upande wa Kulia wa Chelel

Ng'ombe alikuwa akitazama nje ya ukurasa, na Adero hakupenda. Mchoraji yeyote wa katuni atakuambia: ukimweka mnyama kwenye kisanduku cha mwisho akitazama nje, macho ya msomaji yatamfuata na hadithi itaachwa nyuma. Kwa hivyo Adero, pale kwenye meza ya kulia kwao, mtaa wa Free Area mjini, akabonyeza kitufe kimoja cha tableti. Ng'ombe, mkamuaji, kigoda na ndoo, vyote vikageuka kama kwenye kioo. Sasa ng'ombe akawa anatazama ndani. Adero akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Na kwa nini asijipongeze? Kwa miaka minne alikuwa akichora mashujaa wenye mabawa na kuwaweka mtandaoni, na malipo yake yalikuwa vidole gumba vya watazamaji. Sasa chama cha wafugaji kule Njoro kilikuwa kimemwagiza kitabu cha kurasa nane, cha kufundisha usafi wa kukamua. Hadithi aliitunga mwenyewe: Natasha, msichana wa mjini, anaolewa shambani, na maziwa yake yanakataliwa kila asubuhi kwa uchafu mpaka ajifunze. Kingekuwa kitabu cha kwanza kuchapishwa chenye jina lake kwenye jalada. Baba yake, mzee Ogada, mstaafu wa reli, alikuwa ameshakitangaza kanisani, na jambo likishatangazwa na mzee Ogada halina kurudi.

Alhamisi ya wiki hiyo akasimama mbele ya wanachama sitini katika ukumbi wa kanisa kule Njoro, projekta ikamulika ukurasa wa kwanza ukutani. Watu wakatazama kwa heshima. Ukurasa wa pili ulipofika, ule wa ng'ombe aliyegeuzwa, mtu mmoja akakohoa, mwingine akaficha uso kwenye kofia, kisha safu nzima ya nyuma ikaanza kutikisika.

Aliyesema alikuwa mzee Kipkemoi, ambaye wenzake walipokuwa shuleni yeye alikuwa machungani, na mpaka leo herufi hazijui.

"Hiyo ng'ombe," akasema polepole, "itapiga huyo msichana teke, tumwokote huko Molo mjini."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Adero akatazama picha, akatazama watu, asione kosa.

"Umemkalisha upande wa kushoto, msichana wangu," akasema Chepkosgei, mwenyekiti wa chama, mama mpana mwenye sauti ya chini. "Sisi hukamua upande wa kulia. Ng'ombe zetu zimezoea hivyo. Wewe umewahi kukamua?"

"Hapana, mama."

"Sasa maziwa unatoanga wapi?"

"Kwa pakiti."

Wakacheka tena, mpaka katibu akavua miwani kujifuta machozi. Adero akatamani ardhi ipasuke immeze. Mara ngapi yeye na wenzake walikuwa wamewacheka watu wa shamba wanaovuka barabara mjini wakikimbia? Leo mshamba alikuwa yeye. Mcheza kwao hutuzwa, lakini huku hakukuwa kwao.

Katibu alipomaliza kujifuta akasema yuko mchoraji mwingine Nairobi, wampe huyo kazi, wasipoteze wakati. Adero alimsikia vizuri sana.

"Na huyo wa Nairobi amekamua lini?" Chepkosgei akauliza. "Tumpe huyu wiki mbili. Kuuliza si ujinga. Msichana, beba sweta uje kwangu. Hiyo tableti iache kwa mama yako."

Adero akaenda. Baridi ya Njoro saa kumi na moja alfajiri haina adabu, huingia bila kubisha. Chepkosgei akampa maji ya moto, kitambaa safi na kigoda, akamwonyesha Chelel, ng'ombe mweupe mwenye sikio lililochanika. Siku ya kwanza hakuna kilichotoka. Siku ya pili kikatoka kiasi cha kumnywesha paka. Adero alifuta kiwele, akabana chuchu, akavuta, shavu lake likiwa limeegemea ubavu wa kulia wa Chelel. Ng'ombe akapinda shingo, akamkazia macho.

"Mama, mbona ananiangalia hivi?"

"Anauliza wewe ni nani. Mimi haniangaliangi. Ng'ombe haigeukii mtu inajua."

Mikono ya Adero ikasimama. Kama kwenye kisanduku kile, mwili wa Chelel ulielekea nje, kichwa kikaelekea ndani, kwa mgeni wake. Kile alichokitafuta kwa kitufe, ng'ombe alikifanya kwa shingo yake mwenyewe, na mkamuaji akabaki upande wake halali. Akacheka kwa sauti.

"Umepata wazimu?" Chepkosgei akauliza.

"Nimepata picha, mama!"

Tangu hapo kila alfajiri alikamua kwanza, kisha akachora kwa penseli kwenye daftari la shule, vidole vikinuka maziwa. Michoro ya tableti aliitupa yote, hata ile aliyoipenda. Siku ya nane ndoo ilikuwa imefika nusu alipong'amua kwamba Chelel hajageuka hata mara moja. Alikuwa anatafuna tu, akitazama ukungu juu ya shamba la ngano. Adero aliendelea kukamua. Machozi yalimlengalenga, na alijivunia asubuhi ile kuliko vidole gumba vyote vya miaka minne.

Wiki mbili zilipotimia, ukumbi ulikuwa uleule na watu walewale. Ukurasa baada ya ukurasa, Natasha alikamua upande wa kulia, na kila mara ng'ombe mweupe akageuka kumtazama. Hakuna aliyekohoa. Kikaja kisanduku cha mwisho. Adero alikuwa ameandika pale, "Sasa Natasha amejifunza!", kisha usiku wa kuamkia mkutano akayafuta maneno hayo. Palibaki Natasha, ndoo, na ng'ombe anayetafuna. Ng'ombe alitazama nje ya ukurasa, na safari hii Adero alimwacha.

Adero akageuka kuwatazama watu.

"Hapo umesahau maneno," katibu akasema. "Watu watajuaje kama amejifunza?"

Mzee Kipkemoi akainuka, akatembea mpaka ukutani, akagusa shingo ya ng'ombe kwa ncha ya fimbo.

"Haigeuki," akasema. "Kule nyuma kote ilikuwa inageuka, inauliza huyu ni nani. Sasa imemjua. Huyu bibi amekuwa wa hapa."

"Na hiyo ni Chelel yangu!" Chepkosgei akapaza sauti, amesimama, mkono kifuani. "Angalieni hiyo sikio!"

Makofi yakaanza nyuma, palepale kicheko kilipoanzia siku ile. Katibu bado alikuwa na lake. "Lakini mzee, maneno..."

"Maneno ya nini?" Kipkemoi akamgeukia. "Mimi nimeisoma yote."

Adero alitoka nje, akampigia baba yake simu.

"Wamekubali?" mzee Ogada akauliza. "Niwaambie nini kanisani?"

"Waambie mzee Kipkemoi amesoma kitabu changu."

"Kipkemoi ni nani? Ni profesa wa chuo kikuu cha hapo Njoro?"

"Zaidi, baba," Adero akasema.