Kikohozi cha Babu Gelle

Tangu Sagal ajifungue, baba yake, Gelle, hakuwahi kumshika mjukuu. Hata adhana ya sikioni alimwachia mzee Bare wa jirani, yeye akasimama mlangoni na shali mdomoni. Watu wa mtaa wao wa Iftin nao hawana dogo. Wakasema Gelle alitaka mjukuu wa kiume, na huyu Lul mchanga amemvunja moyo.

Laiti wangejua! Gelle alimpenda mtoto yule mpaka akawa anamwogopa. Kikohozi kilimwanza juma lile lile alilozaliwa. Akilala, kitu kizito kinamshuka nyuma ya koo. Akikimeza kinarudi, akikohoa hakitoki, na asubuhi sauti imekwama. Ndugu yake Warsame alikufa kwa kifua kikuu kule Tarbaj, na alianza hivyo hivyo. Basi Gelle akajitengea kikombe na sahani, akalala peke yake sebuleni, asimwambie mtu.

Mkewe Kinsi aliona kikohozi tu, akakitibu anavyojua. Nyumba ya mzazi hufukizwa uunsi siku arubaini, na Kinsi hakuwa mchoyo wa ubani. Madirisha alikwisha kuyafunga, mzazi asipigwe na upepo. Sasa akawa anasogeza chetezo hadi kichwani pa mumewe. "Vuta, Gelle, utafungua kifua." Gelle akavuta, akakohoa mpaka machozi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kilichomtoa Gelle nyumbani hakikuwa kifo. Alimsikia Sagal akimlilia mama yake chumbani: "Hooyo, aabo hamtaki binti yangu." Kesho yake alikwenda zahanati, akatoa makohozi yapimwe na kifua kikapigwa picha.

Siku ya majibu, tabibu Gatwiri, binti wa Kimeru, alimkuta ameketi mbali na wagonjwa wote.

"Mzee, huna TB. Na picha ya kifua ni safi."

"Bengine mmechanganya na ya mtu ingine, daktari."

"Hatujachanganya. Shida iko puani. Makamasi yanashuka nyuma ya koo ukilala, ndiyo yanakukohoza. Nyumbani kuna moshi?"

"Moshi hakuna. Sisi nabikia nje. Ni uunsi tu."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Asubuhi, mchana, jioni. Na ya usiku, hiyo ni dawa."

Gatwiri aliweka kalamu chini akacheka, na Gelle, ambaye hakuwa amecheka tangu mtoto azaliwe, akacheka naye huku akisema alhamdulillahi. Alipewa dawa ya kupuliza puani. Akaambiwa achemshe maji, yakipoa na kubaki vuguvugu atie chumvi kidogo, asafishe pua. Alale kichwa kimeinuka, na moshi utoke ndani.

Nyumbani kukawa na vita vifupi. "Nyumba ya mzazi bila uunsi? Watu watasemaje?" Kinsi aliuliza.

"Watasema Gelle anapumua. Toa hicho chetezo nje."

Alikitoa kwa kununa, lakini ni yeye aliyemshikia kikombe cha maji ya chumvi uani. Gelle aliinama, akamimina pua moja, yakatokea ya pili, na uchafu uliotoka ulimfanya Kinsi mwenyewe ageuze uso. Kisha Gelle akavuta pumzi. Hewa ikapita moja kwa moja. Alikuwa amesahau kwamba pua zina raha.

Akanawa mikono, akaingia kwa Sagal. "Nipe mtoto."

Sagal alimkumbatia Lul zaidi. "Leo ndiyo umemwona, aabo?"

Gelle akamweleza yote: Warsame, kikombe, makohozi, majibu.

"Kumbe uliogopa kufa, ukashindwa hata kuniambia?" Sagal aliuliza.

"Kufa ni kwa kila mtu," Gelle alisema. "Niliogopa kumuua."

Sagal akamwekea mtoto mikononi.