Springi za Nyuma

Seremala alilinunua lile gari kuukuu la kusambazia mikate ili mkewe apate kusafiri amelala. Maradhi yalikuwa yameula uti wa mgongo wa mama huyo. Kukaa hawezi, na mtikisiko kidogo tu humtoa machozi. Alikuwa na hamu moja: kwenda kumwona dada yake, asiyeona, aliyeishi mbali, mwisho wa barabara ya mashimo matupu.

Kitanda seremala alikiunda upesi. Kasheshe ilikuwa chini ya sakafu, kwenye springi za nyuma. Zilikuwa za bapa, vyuma vilivyopangwa juu ya vyuma kama za lori. Bila mzigo, gari liliruka kama mbuzi.

"Kaka, tupunguze vyuma, tubadilishe shokapu, tuweke godoro nene," alisema mdogo wake, makanika. "Wiki ijayo mko njiani."

"Na springi za koili, zile za kujiviringa?"

"Ni laini, sikatai. Lakini hizi za bapa ndizo zinazoishika ekseli ya magurudumu isihame. Tukizitoa, tuunde mikono ya kuishikilia, tukate sakafu, tuchomelee chasi. Hapo utasubiri."

"Tunaweka koili."

Mkewe aliwasikia kutoka dirishani. "Wewe bwana, mimi ni abiria au trei ya mayai? Fungeni chochote, twende!"

"Vumilia kidogo, mama watoto. Hutasikia hata shimo moja."

Hicho kidogo kikarefuka. Mikono ya kwanza ilitoka mifupi, tairi likawa linasugua bodi, wakakata upya. Koili zikawa laini mno, gari likaketi chini. Wakatafuta nyingine. Kila mara seremala alijilaza kitandani mle, mdogo wake akamzungusha mtaani.

"Inatosha sasa, kaka."

"Bado."

Asubuhi moja walikuwa chini ya gari wakikaza nati, mkwewe, mke wa mwanawe aliyekuwa akimuuguza mgonjwa, akatoka mlangoni mbio, bila viatu. Seremala alipouona uso wake, spana ilimponyoka. Hakuhitaji kuambiwa.

Walimzika bila dada yake. Hakukuwa na wa kumleta. Gari likakaa uani likipigwa na vumbi. Siku seremala alipoingia tena uvunguni, mdogo wake alimsogezea taa tu, wakamaliza.

Akaenda kumchukua shemeji yake, azuru kaburi. Walikuwa katikati ya ile barabara ya mashimo, yule mama alipogeuza uso.

"Shemeji, kumbe barabara wameitengeneza?"

"Hapana," alisema. "Ni springi."

Akasimamisha gari kando, akashuka kana kwamba anakagua matairi, akainama nyuma huko na kulia kwa sauti, mkono kinywani. Shemeji yake alisikia yote. Alimwacha hadi akatulia, ndipo akamwita:

"Rudi ndani, shemeji. Nipeleke kwa mdogo wangu."