Ofisi ya Muyinga Iko Ndani

Jumanne hiyo, saa mbili na robo asubuhi, Houssein wa Nyamugari, fundi wa kompyuta, alikuwa amepiga magoti chini ya meza katika ofisi ya vyeti vya ardhi, Gitega, akipangusa vumbi kwenye seva kwa kipande cha fulana kuukuu. Seva ni ile kompyuta kubwa isiyo na kioo, inayovuma kutwa na kuwapasha watu joto miguuni. Ndani yake mlikuwa na kompyuta nyingine ndogo ndogo ambazo huwezi kuzishika kwa mkono, kila moja ikijidhani ina nyumba yake. Houssein aliziita wapangaji. Kulikuwa na mpangaji wa barua, mpangaji wa mafaili, na tangu mwezi wa tatu mpangaji mmoja aliyeitwa Muyinga.

Huyo Muyinga aliletwa na mkurugenzi, Bwana Magloire. Aliagizwa afungue ofisi mjini Muyinga. Kufungua ofisi kunataka jengo, na jengo linataka barua nyingi, basi akamwambia Houssein amfungulie humo humo ndani ya mashini. Ilichukua dakika arobaini. Taa ya kijani ikawaka kwenye kioo cha mezani kwa Houssein, ripoti ikaandikwa kwamba Muyinga imefunguliwa, na Bwana Magloire akapongezwa kwa wepesi wake.

Karibu na mlango alikuwa amekaa Kadidja, juu ya kiti cha plastiki cha buluu, bahasha mapajani. Alizaliwa Muyinga, akakulia Kigoma, akarudi kwao na watoto wawili kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Hii ilikuwa safari yake ya nne. Petroli ilikuwa haipatikani, kwa hiyo alipanda baiskeli ya kukodi, kisha lori la mkaa hadi Karuzi, na toka Karuzi akabahatika kupata basi. Kule nyumbani jirani yake Bonifasi alikuwa akijenga juu ya kiwanja hicho. Alianza Jumamosi, saa za kazi za jumuiya, wakati kilima kizima, ndivyo wanavyokiita kijiji huko, kiko barabarani kikizibua mitaro. Bila cheti, mkuu wa kilima hakuweza kumzuia. Ukuta ulikuwa umefika magotini.

Cheti chenyewe kilikuwa tayari kwenye faili. Tatizo lilikuwa moja: cheti cha Muyinga sharti kichapwe na printa ya Muyinga, na Muyinga haikuwa na printa. Printa ya vyeti ilikuwa moja tu, ile nyeupe iliyokaa mezani kwa Bwana Magloire, na ilikuwa ya Gitega.

"Si umpe Muyinga hiyo printa," mkurugenzi akasema. "Moja kwa moja."

Houssein akamweleza kwamba printa ya kuazimana ni jambo moja, na printa ya kupewa moja kwa moja ni jambo lingine. Ukishampa mpangaji kifaa kiwe chake peke yake, mwenye nyumba, yaani seva yenyewe, hakioni tena mpaka mpangaji azimwe. Halafu vifaa vimegawanywa kwa makundi, na vilivyo kundi moja huenda pamoja, huwezi kuchagua. Bwana Magloire akasema hayo ni mambo ya mafundi, yeye anataka cheti.

Houssein akaandika mistari mitatu, akabonyeza. Printa ikatoka mezani. Feni iliyokuwa pembeni yake ikaenda pia, kwa kuwa zilikuwa kundi moja. Pakabaki mstatili usio na vumbi, na mkurugenzi akaweka hapo chupa yake ya chai.

Kisha wakasikia printa ikichapa, ndani ya seva, chini ya meza. Kadidja akainama, akasikiliza cheti chake kikitoka mstari kwa mstari. Sauti ilipokoma akanyoosha mkono, akaomba apewe. Houssein akafungua ubavu wa seva kwa bisibisi. Mlikuwa na nyaya na vumbi lingine.

"Mama, cheti kiko," akasema. "Lakini kiko Muyinga."

"Mimi nimetoka Muyinga juzi, baba. Hakuna ofisi, hakuna printa."

"Hiyo ni Muyinga ya huko. Mi nasema Muyinga ya humu."

Wakajaribu kila njia. Picha ya cheti iliweza kutoka, karatasi haikuweza. Kadidja akamtumia picha mdogo wake Riziki, Riziki akampelekea mkuu wa kilima, naye akasema picha hata mwanafunzi anaitengeneza, aletewe karatasi yenye muhuri aiguse kwa kidole. Riziki akapiga simu kusema hivyo, akaongeza kwamba ukuta umefika kiunoni.

Uchungu ukampanda Kadidja. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akauliza kama mtu naye anaweza kupewa mpangaji, kama printa. Houssein akakuna kichwa. Hajawahi kufanya, akasema, ila orodha ya vifaa humtambua kila aliyekaa ofisini kwa muda unaozidi saa nne. Akaangalia. Kadidja alikuwemo, kundi la kumi na tatu, pamoja na bahasha yake na kiti cha plastiki.

"Nikishakipata nitatoka?"

"Utatoka tukizima Muyinga. Tunazima, tunawasha. Dakika mbili."

Akasema bismillahi. Houssein akabonyeza, na pale karibu na mlango hapakuwa na mtu wala kiti.

Wakamwona kwenye kioo. Ofisi ya Muyinga ilikuwa nzuri kuliko ya Gitega, lazima isemwe: vigae sakafuni, pazia, dirisha la kuhudumia watu, feni ikizunguka. Muhuri wa vyeti ulikuwa mezani, haujaguswa na mtu. Kadidja akachukua cheti kwenye printa, akakigonga muhuri, akakibusu, akakitia kwenye bahasha, akaketi kwenye kiti chake kungoja kuzimwa.

Bwana Magloire akakataa. Ofisi ya Muyinga, akasema, ina siku mia moja na kumi haijafungwa hata dakika moja, jambo ambalo ofisi zenye kuta zimeshindwa, na wageni wa kuikagua wanakuja mwezi ujao. Ikizimwa, taa itakuwa nyekundu, na wekundu huo utabaki kwenye ripoti. Tena leo imehudumia mwananchi mmoja kati ya mmoja. Houssein akasema, "Patron, yule ni mama wa watu." Mkurugenzi akamjibu kwamba hajamkataza mama huyo kutoka. Amekataza kuzima tu.

Wiki mbili zikapita. Watoto walikuwa kwa Riziki. Kadidja aliongea nao kila jioni, kwani mtandao humo ndani ulikuwa mzuri kupita kiasi. Aliuliza kwanza habari za ukuta, halafu za shule, kisha akajilaumu na kuanza upya na shule. Mkurugenzi alipomwona amekaa tu, akamwandikia barua ya kumfanya karani wa muda wa Muyinga. Alikataa siku tatu. Siku ya nne akakubali, kwa sababu kukaa bure kunamla mtu.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bonifasi. Nyumba yake ilikwisha kuezekwa, akaja Gitega kuitafutia cheti, na Houssein akamweleza yote bila kumficha, ya kuingia na ya kutoka. Bonifasi akasema yeye si mtu wa kungojeshwa, wamwingize. Baada ya kungoja hizo saa nne akaingia, pamoja na kofia yake na nusu ya andazi.

Kadidja akamwomba kitambulisho. Akakitazama mbele na nyuma taratibu, wakati wamekuwa majirani miaka sita, akatafuta namba ya kiwanja.

"Kiwanja hiki kina mwenyewe," akasema.

"Nani?"

Akatoa cheti chake, akakibandika kwenye kioo cha dirisha. Bonifasi akakisoma mpaka chini, akavua kofia. Kusema kweli Kadidja alifurahi, alifurahi mpaka akaona aibu. Kisha wote wawili wakageuka kutazama mlango, ambao ulikuwa umepakwa rangi vizuri lakini haukuwa na kitasa.

Wageni wakatuma ujumbe: wanataka kuiona ofisi ya Muyinga kwa macho yao, Muyinga. Bwana Magloire akapata petroli, akaenda. Akazunguka mji asubuhi nzima, akaona nyumba mpya, bati jipya, haina mtu, na majirani hawajui mwenyewe kaenda wapi. Ilipofika alasiri nyumba hiyo ilikuwa na bango la ofisi na mlinzi. Wageni wakapiga picha, wakaondoka wameridhika. Ndani hamkuwa na kitu, kwa kuwa vifaa vya Muyinga vilikuwa Gitega, na mlinzi aliwaelekeza huko wote waliokuja kutaka vyeti.

Riziki akaandika malalamiko kwa jina la dada yake, akayapeleka kwenye nyumba hiyo, kiwanjani kwao. Mlinzi akamwelekeza Gitega. Bwana Magloire akayasoma kwa makini, akasikitika hasa, akasema Gitega haina mamlaka juu ya viwanja vya Muyinga, hilo ni la ofisi ya Muyinga. Houssein akamwomba Riziki asimame nje kwanza, asije akawa kundi moja na karatasi. Kisha akabonyeza.

Barua ikamfikia Kadidja saa nne asubuhi. Akaisoma yote, ijapokuwa hapakuwa na neno asilolijua. Namba ilikuwa sawa, tarehe ilikuwa sawa, saini ipo. Kwenye droo akakuta muhuri wa kushughulikia barua, mmoja tu, umeandikwa IMEPOKELEWA. Akaugonga. Akaiweka karatasi kwenye faili na kulifunga. Bonifasi, ambaye sasa ile nyumba si yake wala si ya mama huyu, akauliza kwa upole kama jina lake nalo linaweza kuongezwa, awe shahidi.

"Ngoja zamu yako," Kadidja akamwambia.

Akapanga karatasi zake mezani, akafuta kioo cha dirisha. Kwenye foleni hapakuwa na mwingine.

"Anayefuata," akaita.

Bonifasi akasimama.