Fomu Nyekundu na Dakika Arobaini

Uvumi ulimfikia akiwa anapinda suruali ya mteja.

"Mama Spana, hujasikia? Kule kwenye nyumba ya kufungiwa, hewa imeharibika. Mmoja kaanguka chini kama gunia, na wakubwa wanaficha."

Aliyeleta habari alikuwa mteja tu, anajigeuzageuza mbele ya kioo na blauzi mpya. Akaaga, akaenda zake. Uvumi ukabaki dukani.

Fundi cherehani alijitia hamnazo. Akapinda mguu wa kwanza wa suruali vizuri, wa pili akaupinda nje ndani. Akaufumua. Akajipa moyo, akaanza upya, kuja kutazama ameziba mfuko kwa uzi mara mbili. Akazima cherehani, akafunga duka.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya mji, nyeupe, haina dirisha, ina mlango mmoja mzito. Ndani yake watu sita walikuwa wamejifungia kwa miezi kumi, kujaribu maisha ya sayari nyingine kabla mtu hajapelekwa huko kweli. Hewa ileile ilisafishwa wakaivuta tena. Maji yaleyale, hata ya chooni, yalichujwa wakayanywa tena. Walikula walichopanda. Zilibaki siku kumi na tisa. Binti yake, fundi bomba ambaye kila mtu alimwita Spana, ndiye aliyeshika mashine ya maji. Mlango ule ungefunguliwa hata mara moja, jaribio lingekufa palepale, na jasho la watu sita lingekuwa limekwenda bure.

Lakini kabla ya kuingia, kila mmoja aliandika jina la ndugu mwenye haki ya kumtoa. Ndugu huyo akitia saini fomu nyekundu, mlango unafunguliwa bila swali.

"Nimekuandika wewe, mama," Spana alimwambia siku ile huku anacheka, "kwa sababu najua hutaitumia."

Chumba cha ndugu kilikuwa na kompyuta moja, viti vinne na mzee mmoja aliyesimamia ujumbe. Kwa jinsi alivyokuwa hatoi macho kwenye saa ya ukutani, ndugu walimpa jina la Bwana Saa. Kazi yake ilikuwa kuchelewesha. Kwa kuwa sayari ile iko mbali, kila ujumbe ulizuiwa dakika ishirini kwenda na dakika ishirini kurudi, ili walio ndani wazoee.

"Karibu, mama. Mbona umekuja na tepu shingoni?"

Kumbe kweli, tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia. Hakuitoa.

Saa tatu kamili aliandika ujumbe wa kwanza. Alitaka kuuliza juu ya hewa, vidole vikakataa. Akazunguka mbuyu: "Hujambo mwanangu? Ni kweli ile mashine yenu ya maji imetengemaa?" Akatuma, akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Saa nne kasoro robo uvumilivu ukamwishia, akaandika yaliyomkaa rohoni: "Ni kweli hewa imeharibika na mmoja wenu ameanguka?"

Hazikupita dakika mbili, kompyuta ikalia.

"Ndiyo mama, tangu Jumanne. Hata mimi sikuamini."

Akaruka kutoka kitini.

"Nipe fomu nyekundu!"

"Mama, taratibu, kwanza..."

"Nipe! Mtoto mwenyewe amekiri! Tangu Jumanne wanavuta sumu, na wewe umekaa hapa unatazama saa!"

Bwana Saa akamletea fomu, maana ilikuwa haki yake. Akaweka na kalamu. Kisha akauliza polepole, "Swali lako hilo umetuma saa ngapi?"

"Sasa hivi!"

"Basi halijafika. Bado liko njiani. Hilo jibu ni la swali lako la mwanzo. Uliuliza nini mwanzo?"

Mama akaigeukia kompyuta. Mashine ya maji. Alikuwa ameuliza mashine ya maji.

"Lakini la hewa je?" akasema, sauti imeshuka. "La hewa sijajibiwa."

"Mita zote za hewa ziko sawa, daktari anazitazama mchana kutwa."

"Mnaoficha si ndio nyinyi?"

Mzee hakukasirika. "Basi keti na fomu yako. Kalamu unayo, mlango uko pale. Mimi nakuomba dakika arobaini tu."

Dakika arobaini! Hewa mbaya haingojei dakika arobaini. Aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, akasita. *Najua hutaitumia.* Akaiweka kalamu chini, akaishika. Akaanza kupima ukingo wa meza kwa tepu, kisha upana wa kiti, kisha kiganja chake mwenyewe. Bwana Saa alimletea chai, ikapoa na ngozi ikashika juu.

Saa nne na dakika ishirini na saba, kompyuta ikalia.

"Nani kakudanganya? Aliyeanguka ni mimi! Kila Jumatano mmoja wetu anajifanya mgonjwa, wengine wanajifunza kumtibu, maana huko hakuna hospitali ya kukimbilia. Nilianguka vizuri mpaka nikapigiwa makofi. Hewa ni safi, inanuka soksi tu. Mama, uko wapi? Usije ukagusa ile fomu!"

Mama alicheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa tepu.

"Kuna mtu alimwona kwenye skrini ya kamera zetu akianguka," Bwana Saa akasema, "hakungoja amwone akiinuka." Akaichana fomu vipande vinne. "Sasa nisaidie, mama. Ndugu wengine nao watakuja hivihivi, roho juu. Waandikie kitu, mimi hawanisikii."

Akaandika palepale, kwa herufi kubwa. Karatasi ile ikabandikwa ukutani, juu ya kasha la fomu nyekundu:

Usitume swali la pili kabla jibu la kwanza halijafika.

Usiulize habari za mashine wakati unataka kuuliza za mtu.

Usichukue habari ya mwanao kwa mtu anayejipima blauzi.

Usishike kalamu kama mkono unatetemeka.

Usimtukane Bwana Saa.

Usiulize maji wanayokunywa yametoka wapi. Utajibiwa.