Kopo la Maji

Kila asubuhi ya kazi Emilia huinyunyizia sakafu ya maabara maji ya kopo kabla hajafagia. Ndivyo mama yake alivyomfunza: Dodoma ukifagia pakavu, vumbi linahama tu, haliondoki.

"Mama Penina, njoo uone balaa langu," Naima alimwita, jicho kwenye hadubini. Naima, mtafiti kijana, mtoto wa Kondoa, alikuwa akitengeneza kwa mashine nyuzi laini kuliko utando wa buibui. Zikitandazwa juu ya kidonda, nyama mpya hupata pa kutambaa. Ikishashika, nyuzi huyeyuka zenyewe.

Emilia akachungulia. Nyuzi zilijaa vifundo kama shanga.

"Wiki ya tatu hii! Jumapili nikija peke yangu, zinatoka safi. Siku za kazi, vifundo. Ijumaa profesa akivikuta, mashine inarudi stoo. Nimerogwa, haki ya Mungu."

"Na mchawi gani huyo, dada, anayepumzika Jumapili?"

Wakacheka. Lakini jioni, njiani kwenda kwenye darasa lake la watu wazima, Emilia akasimama ghafla. Jumapili yeye yuko kanisani. Hafagii. Na juzi tu mwalimu wao wa sayansi alisema nguo hukauka upesi Dodoma kwa kuwa hewa haina unyevu.

*Ni kopo langu. Maji yangu yanailowesha hewa, nyuzi zinachelewa kukauka.*

Kibarua chake kilikuwa cha mwezi kwa mwezi. Angeweza kuacha kunyunyiza, akanyamaza, mambo yakanyooka. Ila mvua zikianza, Naima angerogwa upya bila kujua kisa. Aliporudi nyumbani, binti yake Penina alimkimbilia, mkono mmoja ukiwa umekunjika kiwikoni, kama ulivyobaki tangu uji wa moto ummwagikie.

Asubuhi akamweleza Naima yote, macho chini.

Naima akalitazama kopo. "Wiki tatu nabadilisha dawa, kumbe kopo!"

"Nifukuze, dada. Ila kwanza liandike jambo hili."

"Nikufukuze, afagie nani? Ninyi Wagogo mmezaliwa vumbini na bado mnaligombeza." Akavuta daftari, akaandika. "Utafagia saa kumi, nikishazima mashine. Darasa utaliwahi?"

"Nitaliwahi."

Alhamisi utando ulitoka mweupe, bila kifundo hata kimoja. Emilia aliutazama mpaka macho yakamlowa.

"Mkono wa Penina utangoja sana?"

"Sikudanganyi, mama. Bado tunajaribia panya. Ni miaka."

"Ana minne tu," Emilia alisema, akiuchukua ufagio. "Tutangoja huku tunafagia."